Mweka Hazina wa Mfalme: Maisha ya Maximilien de Béthune, Dyuki wa Sully



 Waandalizi wa mhadhara huu waliponitaka nichague habari ya kuzungumza hawakuniwekea sharti ila moja, kwamba habari yenyewe iwe na manufaa kwa watu wanaoshika amana za wenzao. Sharti hilo nililipokea kwa furaha, kwa kuwa ndilo lililonielekeza kwa mtu nitakayemzungumzia.

Kusudi la mhadhara wangu ni kueleza maisha ya Maximilien de Béthune, ambaye kwanza alijulikana kwa jina la Baroni wa Rosny na baadaye Dyuki wa Sully, mwinyi mwenye mashamba na majumba, askari wa mizinga, na msimamizi mkuu wa mali ya ufalme wa Ufaransa katika enzi ya Mfalme Henri wa Nne. Nitaonyesha sifa zilizomwezesha kuijaza hazina aliyoikuta tupu, na nitaonyesha vilevile upungufu uliofanya sehemu kubwa ya kazi yake ibomoke mara tu mfalme wake alipouawa. Wahenga wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sully alilileta daftari, na mali ikaonekana. Lakini daftari lile lilisomwa na mtu mmoja tu, naye ni mfalme, na siku mfalme alipokufa halikuwa na msomaji mwingine wa kulitetea. Hilo ndilo dai langu, nami nalitamka mapema ili kila mmoja wenu alipime kwa mizani yake ninapoendelea.

Yafaa kwanza tuijue hali ya nchi aliyokabidhiwa. Tangu mwaka 1562 mpaka 1598 Ufaransa ilisumbuliwa na vita vinane vya wenyewe kwa wenyewe, Wakatoliki upande mmoja na Waprotestanti, walioitwa Wahuguenoti, upande wa pili. Na kila vita vilipokoma viliacha mashamba yaliyochomwa, madaraja yaliyovunjwa, na mabwana wenye ngome walioonja utamu wa kutoza kodi kwa faida yao wenyewe. Henri alipoirithi taji mwaka 1589, sehemu kubwa ya ufalme ilikataa kumtii kwa kuwa alikuwa Mprotestanti. Ikambidi apigane, ajadiliane, na hatimaye, mwezi wa Julai 1593, aingie katika Kanisa Katoliki, ndipo Paris ilipomfungulia milango mwezi wa Machi 1594. Wakubwa wa upande wa maadui zake hawakurudi kwenye utii bure: kwa hesabu aliyoiweka Sully mwenyewe, kuwaridhisha kulikula zaidi ya livre milioni 32, kwa fedha ya Ufaransa ya zama zile. Deni lote la dola lilikadiriwa kuwa karibu livre milioni 300, na miongoni mwa waliodai walikuwamo Waswisi waliokodiwa kupigana, Malkia Elizabeth wa Uingereza, na mtawala wa Toscana. Katika majimbo ya Limousin na Périgord wakulima waliochoshwa na watoza kodi na askari wakashika silaha. Mwaka 1596 mfalme mwenyewe alimwandikia Rosny barua ya kulalamika, akieleza kuwa mashati yake yamechanika, makoti yake yametoboka viwiko, na chungu cha jikoni mwake mara nyingi kimefunikwa kifudifudi, hata hulazimika kula kwa watu. Ilhali wale waliosimamia mali yake walikuwa na meza zilizojaa. Kwa barua ile tunaona kuwa kodi ilikuwa ikitozwa, tena kwa ukali, ila haikuwa ikifika.

Sasa niingie katika hoja zangu, ambazo ni sita.

1. Mashaka yalimfunza uthabiti

Maximilien alizaliwa mwezi wa Disemba 1559 katika ngome ya Rosny, kando ya mto Seine, karibu na mji wa Mantes. Ukoo wake ulikuwa wa nasaba kubwa, lakini utukufu wa nasaba ulikuwa umeizidi mali. Baba yake alikuwa Mhuguenoti, naye akamtia mwanawe katika huduma ya Henri, kijana mwenzake wa madhehebu yale, ambaye hakuna aliyejua kwa yakini kuwa siku moja atakuwa mfalme wa Ufaransa nzima.

Mwezi wa Agosti 1572 kijana huyo alikuwa Paris kwa masomo, naye hajatimiza miaka 13. Usiku wa kuamkia tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, kengele zikalia na mauaji ya Waprotestanti yakaanza nyumba kwa nyumba. Alivaa joho lake la mwanafunzi, akachukua kitabu kikubwa cha sala za Kikatoliki akakitia kwapani, akatoka peke yake kuelekea chuo alichosomea. Njiani alisimamishwa na walinzi zaidi ya mara moja, na kila mara alikionyesha kitabu kile wakamwachia apite, huku akiona kwa macho yake watu wakiuawa na milango ikivunjwa. Mkuu wa chuo akamficha katika chumba kwa muda wa siku tatu mpaka hatari ilipopungua. Mtoto aliyeokoka kwa namna ile alijifunza mapema kutulia mbele ya mtu mwenye panga, na utulivu huo ulimfaa baadaye katika mabaraza ambamo panga zilikuwa zimefichwa chini ya majoho.

Kisha akawa askari. Alisimamia mizinga katika vita vya Coutras mwaka 1587, na katika vita vya Ivry, mwezi wa Machi 1590, alijeruhiwa vibaya mwilini. Kazi ya mizinga na kuzingira ngome haiwezekani bila hesabu: baruti kiasi gani, farasi wangapi wa kukokota, siku ngapi za chakula, umbali gani wa kulenga. Alipokuwa vitani hakuacha kununua farasi na kuwauza kwa faida, wala hakuacha kufuatilia mavuno ya mashamba yake. Kwa hiyo alipoitwa katika mambo ya fedha alikuwa amekwisha kuzoea kuuliza, kabla ya neno lolote, kitu hiki ni kiasi gani na kiko wapi.

Nataka pia mwelewe jambo moja katika dini yake. Alimshauri mfalme kubadili madhehebu kwa ajili ya amani ya nchi, lakini yeye mwenyewe alipovutwa kufanya hivyo kwa ahadi za vyeo alikataa, akafa Mprotestanti. Ni wachache waliokaa katika baraza la mfalme Mkatoliki, katika zama zile za uhasama, na imani yao wakaishika hadharani.

2. Aliijua hesabu kabla ya kuamrisha

Mwaka 1596 Rosny aliingizwa katika baraza la mambo ya fedha. Wajumbe wenzake walikuwa wameshazoea kuketi Paris na kupokea maneno ya watoza kodi kama yalivyoletwa. Yeye akaomba ruhusa kwenda mwenyewe majimboni. Akafika, akaitisha vitabu, akawahoji waweka hazina mmoja mmoja, akalinganisha kilichotozwa na kilichopelekwa, na penye tofauti akadai maelezo ama fedha. Kulikuwa na walionung'unika kuwa anawatesa watumishi wa mfalme, na manung'uniko yao yakamtangulia kufika. Lakini mwaka ule ule mfalme alipowakusanya wakubwa wa nchi mjini Rouen kuomba msaada, Rosny alirejea na msafara mrefu wa mikokoteni iliyobeba sarafu, na pamoja na sarafu hati zilizoonyesha kila fungu limetoka wapi. Mfalme aliyekuwa akila kwa watu akajua kuwa fedha ilikuwapo siku zote.

Tangu mwaka 1598 ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa fedha, nayo kazi akaishika mpaka 1611. Aliishi katika Arsenal ya Paris, yaani ghala la silaha, kwa kuwa tangu 1599 alikuwa pia mkuu wa mizinga ya ufalme, na habari zake zasema kuwa saa kumi za alfajiri alikuwa mezani kwake. Aliwataka waweka hazina wote wamletee taarifa kwa utaratibu mmoja, zenye maelezo ya kila pato na kila tumizi, ili asiwepo mtu wa kujificha nyuma ya jumla kubwa isiyokuwa na vifungu. Alizikagua hati za watu waliodai kulipwa riba na dola kila mwaka, na zile zilizopatikana kwa hila akazifuta au kuzipunguza. Mwaka 1601 kiwango halali cha riba kikashushwa kutoka sehemu moja ya 12 mpaka sehemu moja ya 16 ya mtaji. Madeni ya nje yakajadiliwa, mengine yakalipwa na mengine yakapunguzwa. Na mashamba na mapato ya kifalme yaliyowekwa rehani zamani yakaanza kukombolewa.

Waheshimiwa, najua miongoni mwenu wamo watunza hazina wa vyama, wa shule na wa nyumba za ibada, nami naomba mnisikilize hapa kwa makini. Sully hakuanza kwa kutoza kodi mpya. Alianza kwa kuuliza iliyokwisha kutozwa iko wapi. Mtu anayekabidhiwa mfuko wenye tundu, akakimbilia kuomba nyongeza kabla ya kulitafuta tundu, anawadhulumu watoaji mara mbili.

Insafu yataka niseme pia pale aliposhindwa. Mara kadhaa yaliundwa mabaraza ya kuwahukumu watu walioiba mali ya dola, kama lile la 1601 na lile la 1607. Lakini wakubwa wa wizi walikuwa wakijikomboa kwa kulipa fungu la fedha, kesi zikafungwa, na wadogo ndio waliobaki na aibu. Hazina ilipata fedha, ila haki haikupata mwisho wake.

3. Alimtazama mkulima kuwa ndiye msingi wa dola

Kodi kubwa ya Ufaransa iliitwa taille, na mzigo wake uliwaangukia watu wa mashamba, kwa kuwa masharifu walisamehewa na makasisi walisamehewa. Sully alikuwa mmoja wa masharifu hao, lakini alikuwa pia mwenye mashamba aliyejua kwamba mkulima akinyang'anywa jembe na ng'ombe hakuna mwaka ujao. Tangu Machi 1595 amri ya mfalme ilikuwa imekataza kuwakamatia wakulima wanyama wao wa kulimia na vyombo vyao kwa sababu ya deni. Chini ya Sully malimbikizo ya taille ya miaka ya vita yakasamehewa, na kiwango chenyewe kikashushwa kwa mamilioni ya livre. Sehemu ya pengo aliijaza kwa kuongeza ushuru wa vitu, hasa chumvi. Na ingawa ushuru wa chumvi ulimwuma maskini pia, yeye aliona kuwa haki imo katika kodi inayomgusa hata yule ambaye taille haikumgusa. Aliruhusu nafaka kuuzwa nje ya nchi katika miaka ya neema, ili mkulima mwenye mavuno mengi asiangamizwe na bei ndogo. Katika kitabu cha kumbukumbu zake ameacha itikadi kwamba kilimo na malisho ya mifugo ndivyo vinavyoilisha Ufaransa, na kwamba ndivyo migodi yake ya kweli.

Mwaka 1599 akapewa usimamizi wa njia zote za ufalme. Kazi hii aliipenda, na athari zake zilionekana kwa macho. Barabara kuu zikatengenezwa, madaraja yakajengwa upya. Daraja la Châtellerault juu ya mto Vienne, lililoanzwa kabla yake na kusitishwa na vita, lilikamilishwa kwa juhudi yake, nalo limesimama mpaka leo. Aliamuru kando ya njia ipandwe miti, hasa ile iitwayo orme, ili ipatikane mbao ya magurudumu na mizinga, na ili msafiri apate kivuli. Wako wakulima waliochukia miti hiyo iliyopandwa pembezoni mwa mashamba yao bila ya kuulizwa, wakaikata usiku. Ni jambo la kuzingatiwa na msimamizi wa leo, kwamba hata wema unaoletwa kwa amri tupu waweza kupokewa kama dhuluma. Hata hivyo miti mingi ilikua, na karne baada ya karne Wafaransa wakaiita kwa jina lake, Sully au Rosny.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote katika mlango huu ni mfereji wa Briare. Mito ya Loire na Seine haikutani, na bidhaa za bonde moja zilipelekwa kwenye bonde la pili kwa mikokoteni, kwa taabu na gharama. Mwaka 1604 fundi Hugues Cosnier alikabidhiwa kuchimba mfereji wa kuunganisha mabonde hayo, ambao ulipaswa kupanda kilima upande mmoja na kushuka upande wa pili. Maelfu ya wafanyakazi, na askari pamoja nao, walichimba. Na katika kijiji cha Rogny vikajengwa vyumba saba vya maji, kimoja juu ya kingine, vyenye milango ya kufunga na kufungua, ili mashua ipandishwe kilima kwa maji yenyewe. Kabla ya wakati huo Ulaya haikuwa na mfereji wenye vyumba vya maji kama hivi uliovuka kilima kati ya mabonde mawili. Kumbukeni jina la Rogny, maana nitarudi hapo.

4. Alithubutu kuwakatalia wakubwa

Mkaguzi mzuri asiyethubutu kusema hapana ni karani tu. Dyuki wa Épernon, bwana mkubwa aliyezoea vita na fahari, alikuwa akitoza kodi kwa faida yake katika nchi aliyoitawala, bila ya idhini ya mfalme. Rosny alipolipinga jambo hilo barazani walifikia kushika vipini vya panga, wenzao wakawatenganisha. Mfalme, aliyekuwa Fontainebleau, alipopata habari alimwandikia waziri wake kuwa ikiwa ni lazima wapigane, yeye mwenyewe atasimama upande wake kama msaidizi. Sharifu mwingine yeyote aliyetaka kugusa kodi ya raia akajua kuwa kwa Rosny yuko mfalme.

Lakini mtihani mgumu zaidi ni kumkatalia yule yule anayekulinda. Mwaka 1599 mfalme, aliyekuwa dhaifu mbele ya mapenzi, alimwandikia Henriette d'Entragues hati ya kuahidi kumwoa iwapo atamzalia mwana wa kiume. Akamwonyesha Rosny hati ile kabla ya kuipeleka. Rosny akaisoma, akaichana vipande viwili. Mfalme akamwuliza kama amerukwa na akili, naye akajibu kuwa ndivyo, na kwamba anatamani angekuwa ndiye mwenda wazimu wa pekee katika Ufaransa. Mfalme hakumfukuza, lakini hakumtii pia, kwani aliketi akaiandika upya, na hati hiyo ikaja kuwa mbegu ya fitina za miaka mingi. Twajifunza hapo mambo mawili: kwamba mshauri mkweli huweza kudumu kazini iwapo mfalme ana moyo mpana, na kwamba ushauri wa kweli, usipokuwa na nguvu ya sheria nyuma yake, huishia katika hiari ya anayeshauriwa.

Si kila alipokataa alikuwa sahihi. Alipinga mpango wa mfalme wa kupanda miforosadi na kufuga nondo wa hariri, uliotetewa na Barthélemy de Laffemas na mtaalamu wa kilimo Olivier de Serres, kwa hoja kuwa anasa huharibu watu. Nao ufundi wa hariri baadaye ukaleta ajira na utajiri mkubwa katika mji wa Lyon. Hakupendezwa pia na safari za kuanzisha makao ng'ambo ya bahari, huko Kanada, ambako Champlain aliujenga Québec mwaka 1608. Aliipenda sana ardhi aliyoijua, na mapenzi hayo yalimzuia kuona faida ya kitu asichokijua.

5. Aliitunza mali ya mfalme, akaikuza na ya kwake

Hoja hii siwezi kuiruka, kwa kuwa mtu anayesifiwa kwa uaminifu anastahili kupimwa katika mfuko wake mwenyewe. Maximilien alianza na urithi wa wastani akafa akiwa miongoni mwa masharifu wenye ardhi nyingi. Mwaka 1602 alinunua milki ya Sully kando ya mto Loire, yenye ngome kongwe iliyozungukwa na maji, nayo mwaka 1606 ikafanywa milki ya dyuki kwa ajili yake. Mwaka 1605 alinunua Boisbelle, nchi ndogo katika Berry iliyokuwa na haki za kujitawala, na hapo akaanza kujenga mji mpya, akauita Henrichemont kwa heshima ya mfalme wake. Mji ulipangwa kwa kipimo cha fundi wa ngome: kiwanja cha mraba katikati na njia nane zikitoka humo kwenda pande zote. Aliongeza mashamba mengine na majumba, na ingawa alikuwa Mprotestanti alipokea mapato ya abasia za Kikatoliki, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa zama hizo.

Je, aliiba? Mali yake ilitokana na mishahara ya vyeo vingi alivyovishika kwa wakati mmoja, na zawadi za mfalme zilizotolewa kwa hati, na uangalifu wake katika kununua na kuuza. Naye aliandika hesabu za nyumba yake kama alivyoandika za dola. Kwa kipimo cha zama zake alikuwa mwaminifu. Lakini kwa kipimo kinachotupasa sisi, mtu mmoja hafai kuwa mkuu wa fedha, mkuu wa mizinga, mkuu wa njia, msimamizi wa majengo na ngome, gavana wa Poitou na gavana wa ngome ya Bastille kwa pamoja. Kwa maana anayeomba fedha za barabara na anayezitoa wanakuwa ni yule yule, na hakuna wa tatu wa kuuliza.

Hapa ndipo panapoingia kosa lake kubwa, ambalo matokeo yake yalidumu kuliko miti yake. Mwaka 1604 ilitoka amri iliyowaruhusu wenye vyeo vya dola walivyovinunua kuvirithisha watoto wao, mradi kila mwaka walipe sehemu moja ya 60 ya thamani ya cheo. Ushuru huo uliitwa paulette, kwa jina la Charles Paulet aliyekuwa wa kwanza kuukusanya. Mkuu wa sheria, Bellièvre, aliupinga, akiona kuwa mfalme atapoteza uwezo wa kuchagua mahakimu na makarani wake. Sully aliutetea, kwa kuwa ulileta fedha ya uhakika kila mwaka. Fedha ikaja, lakini haki ya kuhukumu watu na kukusanya kodi ikawa urithi wa baba kwa mwana kama shamba, mpaka Mapinduzi ya 1789 yalipoufuta mtindo ule wa kuuza vyeo. Mwenye hazina aliyezoea kuuliza kila kitu ni kiasi gani hakuuliza wakati ule gharama ambayo haiandikiki kwa tarakimu.

6. Kazi iliyomtegemea mtu mmoja ilianguka na mtu mmoja

Tarehe 14 Mei 1610 Sully alikuwa mgonjwa katika Arsenal. Mfalme alitoka katika jumba lake la Louvre kwa gari kwenda kumwona. Katika njia nyembamba iitwayo Rue de la Ferronnerie gari likazuiliwa na mikokoteni, na François Ravaillac akarukia gurudumu, akamchoma mfalme kwa kisu. Henri akafa kabla ya kuonana na waziri wake. Sully alipopata habari alipanda farasi pamoja na watu wake kuelekea Louvre, akaonywa njiani kuwa huenda na maisha yake yamo hatarini, akageuza, akajifungia katika ngome ya Bastille.

Ndani ya ngome hiyo kulikuwa na akiba ya mamilioni ya livre kwa sarafu, iliyokusanywa katika miaka ile 12 ya utaratibu, na hapana hazina nyingi za Ulaya wakati ule zilizoweza kuonyesha mfano wake. Mjane wa mfalme, Marie de' Medici, akashika serikali kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa mtoto. Wakubwa wakajua kuwa aliyewazuia hana tena wa kumkinga. Tarehe 26 Januari 1611 Sully aliacha usimamizi wa fedha na ulinzi wa Bastille, akapewa livre 300,000 za kumfariji. Akiba ikaanza kutolewa kuwa pensheni na zawadi za kununua utulivu wa masharifu, na katika muda wa miaka michache haikubaki. Mfereji wa Briare nao ukasimama mwaka ule ule wa 1611, wakati sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuchimbwa, na vyumba saba vya Rogny vikakaa bila ya mashua zaidi ya miaka 30. Ulifunguliwa mwaka 1642, baada ya wafanyabiashara kupewa haki ya kuumaliza, na Sully alikuwa ameshakufa.

Aliishi miaka 30 baada ya kuondoka madarakani, akienda kutoka ngome hadi ngome, akisimamia mashamba, akivaa nguo za mtindo wa zamani na sanamu ya Henri kifuani. Imesimuliwa kuwa siku moja aliitwa na Mfalme Louis wa Kumi na Tatu, na vijana wa baraza wakayacheka mavazi yake. Naye akamwambia mfalme kuwa marehemu baba yake alipotaka shauri lake alikuwa kwanza akiwatoa nje wachekeshaji. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa mbadhirifu wa mali, alimtangulia kufa mwaka 1634, mwaka ambao yeye mwenyewe alitunukiwa cheo cha marshali. Mwaka 1638 alichapisha ndani ya ngome ya Sully juzuu mbili za kumbukumbu zake, ziitwazo kwa kifupi Œconomies royales, na umbo lake ni la ajabu: makatibu wake ndio wanaonena, wakimwelezea yeye mwenyewe matendo yake. Humo amechanganya hesabu za kweli na mambo aliyoyapamba, ukiwamo mpango wa kuigawa Ulaya katika dola 15 zenye mabaraza ya kusuluhisha ugomvi, ambao alimnasibisha nao mfalme ingawa mkono wake mwenyewe ndio unaoonekana. Alifariki Villebon tarehe 22 Disemba 1641, akiwa na umri wa miaka 82.

Hatima ya maneno yangu

Mheshimiwa Mwenyekiti, tukiyakusanya yote haya, hatuwezi kumnyima mtu huyu heshima yake. Alikwenda kuona kwa macho alichoambiwa kwa maneno. Alimwekea mkulima ng'ombe wake. Alisimama mbele ya mabwana wenye panga na mbele ya mfalme mwenye ashiki. Na nchi ilipata miaka ya utulivu ambayo vizazi vilivyofuata viliikumbuka kwa hamu. Lakini mlipa taille wa Limousin, ambaye jasho lake ndilo lililojaza Bastille, hakujua akiba ile ni kiasi gani, wala hakujua ilikokwenda. Angejua, na angekuwa na mahali pa kuuliza, wale waliogawana wangalilazimika kujibu.

Miaka 170 baada ya Sully kuiacha hazina, mwaka 1781, msimamizi mwingine wa fedha aliyekuwa Mprotestanti, Jacques Necker wa Geneva, alichapisha taarifa ya mapato na matumizi ya mfalme ikauzwa kwa raia kwa maelfu ya nakala. Taarifa ile ilificha mikopo ya vita, na kwa hiyo haikuwa kamili. Lakini Wafaransa walikuwa wamekwisha kuonja haki ya kusoma, na haki hiyo haikurudishwa tena sandukuni. Miaka minane baada ya hapo dola iliyofilisika ikawaita wawakilishi wa raia, na mambo yakageuka kwa namna tuijuayo sote.

Basi kwa siku zijazo ninalo ombi moja, na naliweka mbele ya kila aliyemo humu mwenye dhamana ya mali ya wenzake, iwe ni mfuko wa shule, chama cha ushirika, wakfu wa msikiti, sadaka ya kanisa au fedha ya halmashauri. Andikeni kila pato na kila tumizi kama alivyoandika Sully. Kisha fanyeni ambalo yeye hakulifanya: kila mwaka lisomeni daftari kwa sauti, kwa lugha wanayoielewa, mbele ya wale waliotoa, na muwape wakati wa kuuliza hata swali linaloudhi. Wafundisheni vijana kusoma hesabu ya umma kama tunavyowafundisha kusoma barua, ili siku tutakapoondoka sisi, kwa kustaafu ama kwa kufa, wawepo wengi wanaojua kilichomo na wanaoweza kukitetea. Mwenye kuwaficha watoaji hesabu yao, hata akiwa mwaminifu, anamwachia njia mwizi atakayemfuata.